Watu Wawili Katika Suruali Moja

Vijana wa jirani wana wosia mpya siku hizi. Mtu asikae na kazi moja mkononi, wanasema. Awe na mbili, azifunge pamoja, ndipo ataonekana katikati ya wengine. Wananieleza mimi, mzee wa meno ya kuhesabu, kama watu waliogundua moto jana. Huwa naitikia tu. Mimi nilizifunga kazi mbili pamoja hapa hapa Bukavu, wakati Wabelgiji walikuwa bado wanatupangia saa ya kutembea mjini, na kweli nilionekana. Hilo sitalikana. Ila hakuna aliyewahi kuniuliza kilichofuata, nami sikuwahi kukisema, hata kwa mke wangu mpaka tukamzika.

Ofisini kwa hakimu mzungu tulikuwa weusi wawili. Mimi nilikuwa mtu wa mashini ya kuandika. Niliijifunza shuleni kwa mabruda, wale watawa walimu, vidole kumi, macho yamefungwa kitambaa, na Kifaransa nilikuwa nacho cha kutosha kutoona haya. Mwenzangu alikuwa mkalimani, muzee mmoja aliyewahi kuwa askari, kisha kapita, msimamizi wa vibarua wa barabara, kisha msafiri wa kila mahali. Alisema Mashi, Kirega, Kifulero, Kiswahili, Lingala ya askari, na Kifaransa kilichopindapinda lakini kilichofika. Mtu akiletwa kuhojiwa, alisema kwa muzee, muzee akamwambia hakimu, hakimu akapanga maneno yake, kisha akanisomea mimi nikapiga. Maneno yalipita mikono mitatu kabla ya kuwa karatasi.

Yule muzee alikuwa na desturi yake iliyotuchosha. Hakupokea neno mara moja. Mtu akisema kitu, alimrudishia kwa njia nyingine, tena na tena, na viganja vyake viwili mezani, kimoja ni wewe, kingine ni mwenzako.

"Ngoja kwanza, papa. Ile mbuzi ilitoka kwako ikaenda kwake, ao ilitoka kwake ikakuya kwako?"

Mtu anajibu. Muzee anasogeza kiganja. "Njo vile? Onyesha na mukono yako."

Hakimu aliangalia saa yake. Mimi nilikaa na vidole juu ya mashini na kuchekea tumboni. Asubuhi nzima inakwenda kwa mbuzi mmoja! Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimevaa suruali ya kaki iliyopigwa pasi mpaka inakata, na nilimdharau yule muzee. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Siku moja homa ilimlaza. Watu walikuwa wamejaa kwenye baraza, mvua inapiga, hakimu anazunguka chumbani kwa hasira. Nikamwambia: bwana hakimu, kama unakubali, nitajaribu peke yangu. Mashi ni lugha ya mama yangu, Kiswahili nimekulia ndani yake huko mtaani Kadutu. Basi yule mtu wa kwanza akaanza kusema, nami nikaanza kupiga. Sikumngoja amalize. Yeye akisema Mashi, vidole vinatoa Kifaransa, safi, na kaboni zake nne nyuma. Alipofunga mdomo nilivuta karatasi nikamkabidhi hakimu.

Alisoma. Akaniangalia. Akacheka, na huyu hakuwa mtu wa kucheka.

"Wewe ni watu wawili katika suruali moja," alisema.

Jina likanishika. Makarani wa ofisi nyingine walikuja kuchungulia dirishani waone mtu anayesikia kwa lugha moja na kuandika kwa lugha nyingine bila kupumua. Wageni wa hakimu walipopita aliwaonyesha mimi kama mtu anavyoonyesha pikipiki mpya, na mimi nilifurahi, loo, nilifurahi sana. Watu walioletwa hawakungoja tena siku tatu kwenye baraza. Hakimu aliniandikia niwekwe kwenye orodha ya nyumba za Bagira, nyumba za matofali zenye sakafu ya simenti, na chumba chetu cha Kadutu kilivuja juu ya kitanda.

Muzee aliporudi, mwembamba, alikuta kiti chake kimehamishwa mlangoni. Kazi yake sasa ilikuwa kuita majina na kushika vidole vya watu kuvitia wino. Hakuninunia. Siku ya kwanza alinisimamia kwa nyuma nikipiga, akasikiliza, kisha akasema, "Mushika mbili, mutoto..." Hakuimalizia. Nikamjibu kwamba mimi nimeshika mbili na hakuna iliyoponyoka. Alicheka kidogo akaenda mlangoni kwake.

Hivyo tulikaa karibu mwaka.

Kisha akaletwa mtu wa kijiji cha Miti. Mkulima, mtu mzima, mfupi, koti la mtumba lililomfika magotini, kofia mkononi. Alikuwa wa kwanza katika kilima chao kuezeka nyumba kwa mabati, na hayo mabati yalikuwa na alama nyekundu pembeni. Alama ile ilikuwa ya mali ya serikali, na mabati yenye alama hiyo yalikuwa yameibwa kwenye ghala la barabara. Mengine ya namna hiyo hiyo yalipatikana kwenye duka moja la Kavumu. Mwenye duka, mzungu, alikuwa amekwisha kusema neno lake siku iliyotangulia, kwa Kifaransa chake mwenyewe, bila kuhitaji mdomo wa mtu. Alisema: yule mkulima ndiye aliyeniletea, mimi nilidhani ni mali yake, nikayachukua. Kwa hiyo jambo lilikuwa moja tu, na mtoto angelielewa. Mabati yalitoka kwa nani yakaenda kwa nani? Atakayeonekana ndiye chanzo, ndiye angeingia boloko, gerezani.

Hakimu akauliza. Nikamtafsiria. Mtu wa Miti alianza kwa Mashi, kisha akageuka kwenye Kiswahili, kama watu wetu wanavyofanya wakitaka mzungu asikie mwenyewe.

"Miye sikuiba kitu. Ile mabati niliuza kwa mwenye duka wa Kavumu. Mbele ya batu yote. Anijue ao akatae, niliuza kwake."

Vidole vikapiga. Sikumbuki hata kufikiri. Nakumbuka tu kwamba nilishangaa kidogo jinsi alivyokiri bila kusukumwa.

Sheria ilitaka asomewe kabla ya kutia kidole. Nikamsomea, nikirudisha kutoka Kifaransa:

"Unasema uliuza mabati kwa mwenye duka wa Kavumu?"

"Ndiyo!" alisema kwa nguvu, na uso wake ukafunguka. "Njo vile kabisa. Niliuza kwake."

Muzee alimshika kidole gumba, akakitia kwenye wino, akakibonyeza kwenye karatasi. Alikishikilia pale kwa muda mrefu kuliko kawaida, ananiangalia. Nilidhani ni uzee.

Jioni nilirudi Kadutu. Mke wangu, wakati ule mjamzito, alikuwa ameinama kwenye ungo anachambua mchele, furaha imemjaa, kwa maana mchele kwetu ulikuwa chakula cha sikukuu.

"Nimeuza muchele ya Luberizi," alisema. "Angalia, haina hata jiwe."

Ameuza mchele. Na mchele uko hapa, kwenye ungo wake.

Nilikaa chini kwenye kizingiti. Msomaji wa pwani ataniwia radhi. Hapa kwetu mtu akisema ameuza kitu, maana yake kitu kiko kwake, amekitoa dukani. Ile ya kukitoa kwako ukampa mwingine tunaiita kuuzisha. Hivyo ndivyo mama yangu alivyosema, na majirani wote, na mimi mwenyewe nikiwa sokoni. Lakini shuleni tulikuwa na vitabu vya Kiswahili bora, na kwenye vitabu mambo yaligeuka: kuuza ni kutoa, na kupata ni kununua. Bruda wetu alikuwa na rula. Ukisema umeuza kalamu, na kalamu iko mkononi mwako, unanyoosha vidole. Nilivinyoosha mara nyingi mpaka vikashika. Na ni vidole hivyo hivyo vilivyokuwa vinapiga mashini. Sikio langu lilikuwa la Kadutu, mikono ilikuwa ya mabruda, na pale katikati, mahali pale ambapo muzee alikuwa anaweka viganja vyake, mimi nilikuwa nimepaziba kwa sababu ya haraka na sifa. Yule mtu alisema ameyanunua mabati. Mimi niliandika ameyauza. Hata kumsomea hakukusaidia, kwa maana nilimrudishia neno lake mwenyewe naye akalipokea kwa shukrani.

"Uko mugonjwa?" mke wangu aliuliza.

Nikamwambia ni uchovu. Sikuugusa ule mchele, na yeye akalia, akidhani ameharibu.

Asubuhi nilimkuta muzee mlangoni. Kabla sijafungua mdomo alisema, taratibu, asisikiwe ndani:

"Ulisikia vibaya."

"Ulijua? Mbona hukusema?"

"Miye ni mutu wa wino sasa. Nikisema, batasema niko na wivu juu yako. Sema weye. Weye njo watakusikia."

Alisema kweli. Niliingia. Hakimu, na hili ndilo linaloniuma mpaka leo, hakuwa mtu mbaya. Kama angekuwa mbaya ningekuwa na pa kuegemea. Alinikalisha, akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nirudie, akaandika maneno mawili kwenye kipande cha karatasi: kuuza, kuuzisha. Aliyaangalia. Kisha akageuza kichwa akaangalia kabati iliyojaa faili za mwaka mzima, zote zimepitia vidoleni mwangu.

"Neno hili umelipiga mara ngapi tangu uanze?"

"Sijui, bwana hakimu."

"Mbuzi, mashamba, kahawa, nguo. Watu hawaletwi hapa isipokuwa kwa kuuza na kununua."

Nilihesabu kwa macho migongo ya zile faili.

"Basi nikuambie wazi," alisema, bila ukali. "Kama una hakika, nitamwita huyu mtu tena kesho, na muzee atarudi kwenye kiti chake amwulize. Lakini hapo siwezi kuishia. Itabidi nimwandikie mkubwa wangu, na faili zote hizi zisomwe upya. Na wewe, sijui watasema nini juu yako. Kwa hiyo nakuuliza mara moja. Una hakika kwamba alitaka kusema aliyanunua?"

Nilikuwa na hakika. Nilikuwa na hakika kama ninavyolijua jina la mama yangu. Niliona kiti changu, niliona makarani dirishani wakicheka kicheko kingine, niliona ile orodha ya Bagira na mstari umepigwa juu ya jina langu, na mke wangu na tumbo lake chini ya maji yanayodondoka. Sitaki kujifanya kwamba nilichanganyikiwa. Nilipima, na nikachagua.

"Sina hakika," nilisema.

Hakimu alivuta pumzi. Naye pia ilimpendeza, nadhani. Akakikunja kile kipande cha karatasi akakitupa.

"Basi tuyaache."

Nilipotoka muzee aliniangalia usoni na hakuuliza. Nilitamani aulize, anitukane hata, ili nami nipate la kumjibu. Alifungua kopo lake la wino akaanza kulipangusa.

Siku ya hukumu mvua ya Bukavu ilikuwa ile inayoshuka toka asubuhi bila kelele, na chumba kilinuka makoti yaliyolowa. Mwenye duka hakufika. Hakuwa na haja ya kufika, karatasi yake ilikuwepo. Mtu wa Miti alisimama na kofia yake. Nyuma, kwenye benchi, alikaa mkewe, amejifunga kitenge na mtoto mgongoni. Hakimu alisoma, mimi nikatafsiri: kwamba kwa maneno yake mwenyewe amekiri, kwamba mabati yaliyo juu ya nyumba yake ni yale aliyojibakizia. Mtu yule alinisikiliza mimi, si hakimu. Alipoona mambo yanakokwenda aliinua mkono kuomba kusema. Hakimu akamruhusu.

"Bwana hakimu, sikia," alisema, akisogea hatua moja mbele. "Miye sikuiba. Niliuza! Mutu mwenye kuuza iko mwizi? Niliuza kwake, mabati ikakuya kwangu, nikapandisha kwa nyumba yangu. Niliuza!"

Mabati ikakuya kwangu. Alikuwa amesogeza viganja vyake mwenyewe, bila kuulizwa na mtu. Mlango ulikuwa umefunguliwa kwangu wazi kabisa, sikuhitaji hata kukiri kosa, ningetafsiri tu yale maneno matatu kama yalivyo na kila mtu angeelewa. Hakimu alinigeukia, anangoja. Niligeuza macho nikaona muzee mlangoni, amesimama.

"Anasema hakuiba," nilisema kwa Kifaransa. "Anasema aliuza tu, na mengine akaezekea nyumba yake."

"Kuuza mali ya wizi na kuiba ni ndugu wawili," hakimu alijibu, akafunga faili.

Mara ya kwanza vilikuwa vidole. Mara ya pili nilikuwa mimi, na nilifanya vizuri sana, bila kukwama, kwa Kifaransa kisicho na kosa hata moja. Muzee alitoka nje kwenye mvua. Siku iliyofuata hakuja kazini, wala ile nyingine, na tuliambiwa amerudi kwao Mwenga. Hakimu alisema ni vizuri apumzike. Kazi ya wino nikaongezewa mimi.

Mtu wa Miti akapewa mwaka na nusu. Askari walikwenda kuteremsha mabati. Nilisikia kwamba walifika msimu wa mvua umekolea, wakaiacha nyumba wazi na mihogo ndani, na kwamba ndugu za yule mtu walikata majani ya migomba wakaifunika walivyoweza.

Bagira tulihamia kabla mke wangu hajajifungua. Hakimu alikuja mwenyewe kutuona, akaupiga ukuta kwa kiganja, akaridhika. Mke wangu aliimba siku nzima akisugua ile simenti. Nilimwachia aimbe.

Jumapili moja, tumetoka misa, nilimkuta mwanamke amekaa mbele ya mlango wetu na kuku amefungwa miguu mapajani mwake. Nilimtambua kwa kitenge. Miguu yake ilikuwa na udongo mpaka kwenye goti, kwa sababu kutoka Miti alikuwa ametembea. Mtoto hakuwa naye. Sikuuliza mtoto yuko wapi, na mpaka leo sijui.

Nilidhani amekuja kunilaani. Kwa kweli nilikuwa tayari, na nusu ya moyo wangu ilimkaribisha.

Alisimama, akanipa mkono, mkono mwingine ameushika kwenye kiwiko kwa heshima.

"Papa," alisema, "bwana yangu ananituma kwako. Anasema aksanti. Anasema ulimusemea vizuri, maneno yake yote uliipeleka, njo yule muzungu alikataa tu. Anasema nikuletee hii kuku."

Mke wangu alitabasamu kwa fahari, akaingia ndani kumtafutia chai.

"Na tena," mwanamke alisema, "anasema siku ingine bakimuita mbele ya bazungu, hataki mutu mwingine amusemee. Anakutaka weye. Anasema weye njo unamusikiaka."

Nikamwambia ndiyo, maman. Nikampokea kuku.